Mwonja Betri

Mkwe wangu alikuwa akionja umeme kama wengine wanavyoonja mchuzi. Ukimpelekea betri, alikuwa hakuulizi umeinunua lini wala wapi. Anaitoa kwenye simu au redio yako, anaifuta kwenye paja la suruali, anagusisha ncha zake na ulimi, anafumba jicho moja. Zile za mviringo, za tochi, aliziunganisha kwanza na kipande cha waya ili ncha zote mbili zifike ulimini kwa pamoja. Kisha anatoa hukumu kana kwamba betri ni mtu: huyu mzima, huyu mgonjwa, huyu akazikwe. Mita ya kupimia alikuwa nayo, ile yenye mshale na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, lakini ilitundikwa msumarini ikala vumbi. Alisema mita ni ya wanaojifunza. Mtaa mzima ukamwita Fundi Ulimi, naye akalipenda jina hilo mpaka akaliandika kwa rangi ya bluu juu ya mlango wa kibanda chake.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Mama yake alikuwa akifua nguo za watu, na redio ndiyo iliyokuwa baba wa nyumba ile, maana baba mwenyewe alikuwa ameingia mitini. Siku moja mtoto akaifungua kumtafuta anayesoma habari. Hakumkuta. Akaifunga tena, vikabaki vipande vitatu visivyo na pa kukaa, na redio ikaimba vizuri kuliko mwanzo. Mama yake akamchapa kwa kuifungua, kisha akakaa chini akasikiliza nyimbo. Hapo kijana akajua kwamba duniani kuna vitu vyenye vipande vya ziada, na kwamba mtu anaweza kula kwa hivyo vipande.

Alipokuja kwangu mara ya kwanza alikuja kutengeneza redio. Nilipomwona analamba betri nikamvuta binti yangu pembeni, nikamwambia, huyu ama ana njaa ama ana wazimu. Binti akasema, mama, lakini tazama mikono yake. Nikaitazama. Ilikuwa mikono ya mtu anayechomoa mwiba kwenye mguu wa mtoto aliyelala. Nikajua nimeshapoteza binti. Yule ni kitindamimba wangu, na kitindamimba ukimkataza kitu ndipo umempa.

Wakaoana. Kibanda kikapata meza, meza ikapata taa, na taa ikapata miwani ya kukuzia iliyomfanya mkwe wangu awe na jicho kubwa kama la bundi. Redio zikapungua, simu zikaja. Zilikuwa zimelala mezani zimefunguliwa tumbo kama samaki sokoni. Mikono yake yote miwili ikiwa na kazi, ile waya laini ya risasi ya kuchomelea aliibana kwa meno, kama mshonaji anavyobana pini, akaivuta kidogo kidogo kwa midomo, akavuta na moshi wake. Nikimwambia, baba, hiyo si muwa, anacheka kwa pembe ya mdomo ili isimdondoke.

Nyuma ya kibanda kulikuwa na shimo. Mwenye kiwanja alilichimba liwe choo, fedha ikamwishia, likabaki shimo lisilo na cheo. Mkwe wangu akalipa kazi. Betri alizozihukumu kifo zilikwenda humo, na vioo vilivyopasuka, na zile sahani za kijani za ndani ya simu zenye vidudu vya madini, na chaja, na matumbo ya televisheni. Jumamosi alichoma nyaya pembeni mwa shimo ili ganda liungue abaki na shaba ya kuuza. Moshi wake ulikuwa mweusi tena mtamutamu, na mimi moshi mtamu siuamini, kama nisivyomwamini mgeni anayesifia nyumba kabla hajakaa. Mvua ikinyesha shimo lilijaa, likafurika, maji yakashuka kwenye mtaro yakapita kwa kuku wa Mshonaji, jirani yake wa kibanda cha pili, yakaenda kwenye bustani za mboga huko chini. Maji yale yalikuwa na rangi zote za nguo ya harusi.

Kuku wa Mshonaji wakaanza kutaga mayai laini, hayana ganda, ukiyashika yanateleza kama samli. Jogoo akawa anawika adhuhuri, tena anawika mlio wa simu, watu wanapapasa mifuko. Wapo wanaosema la jogoo nimelizidisha. Lakini mayai niliyashika kwa mkono wangu, na mchicha wa kule chini niliacha kuununua kabla mtu yeyote hajaniambia lolote. Ulikuwa umestawi mno.

Basi, yote hayo yalikuwa mambo ya mtaa, na ya mtaa yana wengi wa kuyanung'unikia. Yaliyoingia nyumbani kwa binti yangu yalianza na simu.

Zamani mtu alileta redio, na redio haina siri. Inachosema kwako inasema na kwa jirani. Simu ilikuja na kufuli. Akaja mke na simu ya mume, anasema ni yangu nimesahau namba za siri. Akaja mume na simu ya mke, anasema ni yangu nimesahau namba za siri. Mkwe wangu alizifungua zote. Na mtu akifungua mlango, jicho linatangulia mguu. Akasoma. Kwanza alisoma kwa bahati mbaya, kisha kwa udadisi, mwisho akawa anasoma kama wengine wanavyosoma gazeti, kuanzia juu hadi chini, na matangazo ya vifo. Akajua nani anamdanganya nani mtaa mzima. Alianza kuwasalimia watu kwa nusu ya mdomo. Ukimwambia fulani ni mtu mwema, ananyanyua lile jicho la bundi anakwambia, mama, ungejua.

Hata lile benchi la mbele ya kibanda liliharibika. Lilikuwa benchi la maneno; ukikaa hapo kungoja redio yako unaondoka na habari za ndoa mbili na msiba. Sasa watu walikaa wameinamisha shingo kila mmoja kwenye kioo chake, kama kuku wanaokunywa maji, na kila mmoja ameegemeza simu kifuani jirani asione. Nilipita hapo siku moja nikatoa salamu, akaniitikia mbuzi.

Ndipo mkwe wangu akasoma ujumbe wa mke wa mtu, umeandikwa kwa rafiki yake: leo nimempikia bila chumvi, anayekula vizuri namjua mimi. Mkwe wangu akacheka, akamsimulia binti yangu wakiwa wanakula. Binti naye akacheka. Lakini neno likiingia sikioni halilali, linatafuta pa kutaga.

Haukupita muda mkwe wangu akasukuma sahani. Akasema chumvi haipo. Binti akaonja, akaona ipo. Akaongeza kidogo ili yaishe. Kesho yake tena, chumvi haipo. Akaongeza. Watoto wakaanza kulia mezani kwamba chakula kinachoma, ikabidi awe na sufuria mbili, ya baba na ya binadamu. Akaendelea kuongeza. Mtu yule alikula chumvi hata jasho lake likikauka shati linasimama lenyewe. Akitembea njiani mbuzi wanamfuata nyuma wanamlamba viwiko. Na bado akirudi nyumbani anakaa, anatia tonge mdomoni, anamtazama mkewe kama hakimu. "Chumvi yangu anaila nani?"

Akamshuku mwenye duka kwamba anauza mchanga. Akaenda kununua mwenyewe duka la mbali, akaiweka kibandani kwenye droo ya skrubu, akawa anaibeba nyumbani kwenye karatasi kama dawa. Akaimimina mwenyewe. Bado. Hapo mwenye busara angejiuliza kuhusu mdomo wake. Lakini mtu aliyesoma simu za watu hajiulizi kuhusu mdomo wake. Anajiuliza kuhusu mkewe. Akasema ni ujanja, kwamba kuna kitu binti yangu anakitia cha kuua ladha, kwamba amechokwa ndani ya nyumba yake, kwamba mambo kama haya ameyaona kwa wengine na siku zote yanaanzia jikoni. Akamwambia kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ndiyo mbaya: mwezi huu ukiisha hujasema ukweli, utarudi kwa mama yako.

Binti akaja kwangu akakaa kwenye kinu kilicholala, hakulia. Angelia ningepumua. Akaniambia yote, halafu akaniambia na la kwake. Kwamba mumewe nyumbani hasifii hata chai, lakini anayasifia maharage ya Mshonaji. Kila mchana Mshonaji humpelekea sahani, na yeye huimaliza huku akisema hiki ndicho chakula.

Nikamuuliza kama ameshaona jambo lolote kwa macho. Akasema alitaka kuangalia simu yake, lakini ina kufuli, na fundi wa kufungua simu mtaani ni mmoja.

"Nimpelekee yeye mwenyewe?" akasema. "Nimwambie ni yangu, nimesahau namba?"

Tukacheka mpaka akalia. Ndipo nikapumua. Nikamwambia arudi nyumbani, apike kama anavyopika siku zote, na aniachie mimi hayo ya kibandani.

Mkwe hakaliwi mlangoni. Heshima ina mipaka yake pande zote mbili. Lakini redio yangu ni mzee mwenzangu, ina haki ya kuugua. Nikaivunja kipini cha kutafutia stesheni, nikaipeleka. Akanipa kiti, si benchi, akaniamkia kwa adabu zote, akaanza kazi. Nilipoambiwa nirudi kesho nikasema miguu inauma, nitangoja. Kesho yake redio ikaugua ugonjwa mwingine. Na siku iliyofuata.

Macho yangu ni mabovu kwa uzi na sindano, lakini kwa mambo ya watu yanaona nyuma ya ukuta. Nikamtazama Mshonaji. Mjane, mnene, cherehani yake inalalamika kuliko yeye, anacheka na kila mtu. Nilimshuku kwanza kwa kicheko, kisha kwa kitambaa alichofunikia sahani, kisha kwa jinsi alivyoiweka mezani bila kubisha hodi. Mkwe wangu akaondoa zile simu zilizopasuliwa tumbo, akala palepale, kwa vidole vilevile. Jasho likamtoka. Kamasi zikamtoka. Akasema, naam, hiki ndicho chakula.

Nikaomba kijiko. Mshonaji akafurahi, akanipa. Nikatia mdomoni, na nikamwona marehemu mume wangu amesimama ng'ambo ananipungia mkono. Yale hayakuwa maharage, yalikuwa pilipili iliyoalika maharage machache kwa ajili ya ushahidi. Nilipopata tena sauti nikamuuliza, mwanangu, hiki unampikia mtu au unachoma msitu?

"Mama, mimi napika hivi tangu nina meno yote," akasema. "Kila ninayempa ananirudishia sahani nzima na lawama juu. Mkweo tu ndiye anayeila. Mimi namshukuru, sahani zangu zinarudi nyepesi."

Uso wake ulikuwa wazi kama ukumbi. Nikaona hapa hakuna mapenzi, hapa kuna moto tu. Mtu anayesifia moto, na chumvi haioni. Nikaliweka jambo hilo mfukoni, lakini sikulifunga, kwa sababu siku ileile nilikuwa na jingine la kumshuku.

Alikuwa ameniambia betri za redio yangu zimekufa. Akazilamba mbele yangu, moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa, akazirusha kupitia dirisha la nyuma zikaenda shimoni, akaniuzia mpya. Betri zile niliwatuma watoto wakaninunulia juzi yake. Nikalipa. Benchini mchukuzi wa mizigo akamnong'oneza mwenzake kwamba huyu fundi siku hizi kila betri kwake ni maiti, anataka tununue tu, na kwamba watu wameanza kuvuka barabara kwenda kwa fundi mwingine. Nikasema moyoni, kumbe mkwe wangu ni mwizi. Ilinikata. Mwizi wa mtaa unaweza kumkimbia. Mwizi aliyekuolea binti utamkimbilia wapi?

Alipoingia ndani kutafuta chenji, mimi nikazunguka nyuma. Shimo lilikuwa limejaa nusu, maji yake yana utando, na pembeni majani yamekauka kwa duara kama mtu ameyachora. Betri zangu zilikuwa zimenasa juu juu, karibu na ukingo. Nikazivuta kwa kijiti, na nyingine za wenzangu nikazivuta, nikazifunga kwenye pindo la khanga nikiomba Mungu pindo lisiungue. Nyumbani nikazifuta, nikazitia redioni. Maiti zikaimba. Ziliimba mpaka jirani akagonga ukuta.

Nikakaa na redio inayoimba, nikafikiri. Mwizi hatupi betri nzima shimoni. Mwizi anaificha, aiuze kesho kwa mwingine. Huyu alikuwa anazitupa kwa moyo mweupe kabisa, anazizika hai. Ulimi wake ulimwambia hazina kitu, naye akauamini. Na ulimi huohuo ndio uliomwambia binti yangu hana chumvi.

Hapo ningekwenda kumwambia tu. Lakini nilimjua, angesema mama mkwe anatetea damu yake. Basi nikapika. Nilipika maharage, nikatia chumvi kiganja kizima, nikatazama sufuria, nikaongeza kingine. Nikampa paka, paka akalamba mara moja, akanitazama kama anayeniaga, akahama nyumba. Nikafunika sahani, nikampelekea kibandani mchana, mbele ya benchi zima.

Akala. Akatafuna polepole. Kisha akaweka kijiko chini, na uso wake ukafunga kama duka.

"Mama, hata wewe?" akasema. "Mmepatana."

Papo hapo akachukua simu yake akampigia binti yangu. Sikusikia upande wa pili. Upande wake ulikuwa maneno mafupi: hana haja ya kungoja mwezi uishe, afungashe leo, mama yake yupo hapa hapa amekuja kumchukua kwa sahani mkononi. Akakata. Nilikuwa nimekwenda kuokoa ndoa ya mwanangu, nikaivunja kwa kiganja cha chumvi.

Watu wa benchi waliinua vichwa kutoka kwenye vioo vyao. Huo ndio ulikuwa msiba wenyewe: kuwainua wale vichwa ilihitaji ndoa ya mtu.

Nikafungua pindo. Betri zikabingirika mezani kati ya simu zake. Nikamwambia, mwanangu, mimi usiniamini. Mimi ni mama mkwe na mama mkwe ni mchawi kwa kuzaliwa. Mkeo usimwamini. Lakini hao uliwazika mwenyewe. Walambe tena.

Akazisukuma kando. Lakini ufundi ni kiburi. Ukimwambia fundi umekosea, lazima apime. Akaunganisha waya, akalamba ya kwanza. Amekufa, akasema. Ya pili. Amekufa. Ya tatu akailamba mara mbili. Amekufa.

"Sasa mtoe yule msumarini," nikamwambia.

Hakutaka. Mchukuzi akanyoosha mkono akaitungua mita, akaipuliza vumbi, akamwekea mbele. Mkwe wangu akashika waya mwekundu na mweusi, akagusisha. Mshale ukapanda. Ya pili, ukapanda. Ya tatu ilikuwa mbovu kweli, na nikaona jinsi alivyotulia nayo mkononi, akifarijika. Ya nne mshale ukapanda hadi mwisho, ukagonga ukingo.

Mtu anaweza kumshuku mke, na duka, na mkwe, lakini mshale hauna mama wala shoga wa kuandikiana naye. Aliiweka mita chini. Kisha akavuta ile droo ya skrubu, akafungua karatasi ya chumvi aliyoinunua mwenyewe duka la mbali, akachota, akaweka kwenye ulimi, akafumba mdomo. Sote tukangoja na ulimi wake.

"Kama mchanga," akasema.

Mchukuzi akachovya kidole, akalamba, akatema hadi barabarani. Hakuna aliyecheka. Mkwe wangu alitutazama mmoja mmoja, bado akitafuta nani amempangia, nikaona anafika mwisho wa benchi na hakuna wa kumshuku tena isipokuwa huo mdomo wake. Akapiga simu nyumbani. Ikaita, ikaita. Binti yangu alikuwa ameshaondoka, na simu ameiacha mezani kwa makusudi.

Hospitali alikwenda. Daktari alimwambia atoe ulimi, akautazama huku kidole chake kikisogeza kitu kwenye simu yake mwenyewe, kwa hiyo sijui alitazama nini zaidi. Wakamtoa damu. Jibu lilikuwa kwamba madini ya kazi yake yameingia mwilini, kwa mdomo na kwa moshi, aache kulamba, aache kubana risasi kwa meno, aache kuchoma nyaya. Ulimi huenda ukarudi, huenda usirudi. Huenda na huenda. Hata mimi ningeweza kuwa daktari.

Lile shimo alilitoa takataka zake kwa mikono yake, amevaa mifuko ya plastiki mpaka kwenye viwiko, akajaza pipa, akalifunika. Mwenye kiwanja akamwambia angefukia tu. Mshonaji akasema ukimfukia aliye hai atakuja kukugongea chini ya kitanda. Tangu hapo pipa limesimama uani. Watu wa usafi wanachukua maganda na majivu, pipa hilo wanalizunguka. Wanasema si la kwao. La nani, hawasemi. Na kila siku watu wanaleta simu nyingine, na betri nyingine, na pipa lile tayari lina mfuniko unaoinuka kidogo. Mimi nikipita hapo navuka upande wa pili.

Lakini binti yangu alikuwa bado kwangu, na watoto wake, na sufuria zake zote mbili. Mumewe alikuja siku ya pili baada ya kulifunika lile pipa, mchana, amevaa shati safi. Akasimama kizingitini, akaomba radhi kwangu kwanza, kama inavyopasa, kisha akamgeukia. Alisema maneno mengi. Alieleza madini, alieleza damu, alieleza mshale wa mita ulivyopanda. Binti yangu alikuwa anachagua mchele, hakunyanyua uso.

Alipomaliza binti akamuuliza, nikirudi, kesho nikikupikia, utajuaje kama nimetia chumvi?

Akafikiri. Nikamwona anatafuta, mtu wa vifaa siku zote anafikiri kuna kifaa. Hatimaye akasema hajui.

"Utaniuliza," binti akasema. "Nitakujibu. Basi. Hakuna mita ya hilo."

"Na simu za watu?" mume akauliza.

"Za watu ni za watu. Fungua kufuli, funga macho. Siku nikisikia umenisimulia ya mtu, narudi hapa, na pipa lako nakuachia uishi nalo."

Akakubali. Nilimtazama sana alipokubali, maana mtu akikubali haraka mimi namhesabu vidole. Alikuwa amechoka tu.

Binti akaenda jikoni kwangu, akapika wali na mchuzi. Akampakulia, akaweka mbele yake, akakaa ng'ambo na mikono mapajani. Mkwe wangu akachukua kijiko, akaonja, akabaki amekishika. Uso wake haukuonyesha lolote. Ungeweza kuwa unakula wali, ungeweza kuwa unakula magazeti.

"Chumvi ipo?" akauliza.

"Ipo."

Akageuka kunitazama mimi, kama mtu anayetafuta shahidi. Nikaitazama redio. Akairudia sahani yake, akala yote, akaomba aongezewe, akaongezewa. Walipoondoka jioni watoto walitangulia mbele na yeye alibeba sufuria zote mbili.

Kama chumvi ilikuwepo au haikuwepo, mpaka leo sijui. Nilikwenda jikoni nichovye kidole kwenye mchuzi uliobaki, nikakuta binti yangu ameshaiosha ile sufuria, ameisugua kwa majivu, ameianika inang'aa. Na mimi nimemlea yule mtoto. Kuosha chombo kabla hajaambiwa mara tatu, sijapata kumwona.